Nani Aling'oa Kibao cha Mazuku?

Furaha alikuwa amelala kifudifudi katika majani mabichi, chini kabisa ya shimo, na kiatu kimoja kilikuwa kimemutoka. Hakukuwa na damu. Hakukuwa na moshi wala harufu. Ungemuangalia toka juu ungesema mutoto amechoka, amejilaza kidogo. Lakini karibu na kichwa chake kulikuwa ndege wawili wadogo wamekauka, na panya, na hapo nilijua. Nilitaka kushuka. Papa moja, mutu muzima wa wale wakimbizi waliolala shuleni, alinikamata kwa nyuma, akanivuta kwa kitenge mpaka kikapasuka, akapiga kelele: "Mama, weye unataka tutoe maiti mbili?"

Mutu wa Goma hahitaji kuelezwa mazuku ni nini, ila naandika pia kwa walimu vijana wanaotoka mbali. Mazuku ni hewa mubaya inayotoka katika nyufa za udongo wa volkano. Haionekani. Ni nzito, inatambaa, inajaa katika mashimo namna maji yanavyojaa katika beseni. Mutu mukubwa akipita haraka labda kichwa chake kitabaki juu yake. Mutoto anazama. Saa yake ni asubuhi, kabla jua halijapasha mawe na upepo haujaamka.

Neema, rafiki wa Furaha, alikuwa amesimama kwenye ukingo, ameshika mifuko miwili ya shule, wake na wa mwenzake. Nilimuuliza nani aliwatuma kule. Alinijibu bila kulia, wima, kama mutoto anayejibu swali la klasi.

"Madamu, vyoo vimejaa. Furaha alienda kujisaidia."

"Na mazuku? Mimi sikuwaonyesha?"

"Kibao hakiko, Madamu. Furaha alisema bametoa mazuku."

Neno hilo nimelibeba miaka yote hii. Sasa nirudi nyuma, nieleze kibao kilikuwa nini na mimi nilikuwa nani, sababu wako watu katika muji huu wanaosema habari yangu bila kuijua.

Nilianza kazi kule Kibati, kwenye barabara ya kupanda kwenda Rutshuru, wakati waasi wa kwanza walikuwa wanatawala. Sikuwa mwalimu. Nilikuwa nimefika ya pili ya sekondari, halafu baba akauawa njiani na masomo yakaisha. Lakini walimu wenye diploma walikuwa wamekimbia, na shule ya Kibati ilikuwa na klasi ya kwanza imejaa watoto bila mutu mbele yao. Direktrisi, Mama Odette, alikuwa mama mufupi mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Siku yangu ya kwanza aliniuliza kwenye mulango wa biro:

"Unajua kusoma?"

"Ndiyo, Mama Direktrisi."

"Ulijifunza namna gani?"

Nilitafuta katika kichwa, sikuona kitu.

"Hakuna anayekumbuka," akasema. "Ndiyo maana tunafundisha vibaya. Ingia."

Niliingia, nikafanya namna nilivyofanyiwa. Niliandika alfabeti yote kwenye tablo, nikashika fimbo, nikaanza kuwaimbisha: a, be, se, de. Waliimba vizuri sana. Kuta zilitetemeka. Nilikuwa najisikia mwalimu kamili mpaka niliposikia sauti ya Mama Odette dirishani:

"Madamu Masika, hii ni klasi ama ni kwaya?"

Watoto walicheka, mimi nikaona haya. Baada ya masomo alinikalisha kwenye benchi ya watoto, magoti yangu yakigonga kidevu, akanifundisha kazi. Alisema: mutoto hasomi majina ya herufi, anasoma sauti. Jina la herufi ni la kuitia tu. Sauti ndiyo inayofanya kazi. Tukaanza na vokali, zile sauti tano zinazotoka bila kizuizi. A, unafungua kinywa kama uko kwa daktari. I, unavuta midomo kama mutu anayecheka kwa unafiki. U, unapuliza kama unawasha mbabula, jiko lenye makala, makaa mabichi yasiyoshika moto. Halafu sauti zinazoweza kuvutwa: M, kama mutu anayeonja mchuzi na hataki kusema ni mutamu. Z, kama nyuki. S, kama tairi ya baiskeli iliyochomwa na mwiba. Mwisho zile zisizokubali kuvutwa, kama K, kikohozi kidogo cha mutu anayetaka asogezewe nafasi kwenye benchi. Hizo lazima uzirushe moja kwa moja juu ya vokali, hazingojei.

Kuunganisha ndiyo kazi ngumu. Unachora M, unachora A mbali nayo, unaweka kidole kwenye M na mutoto anavuta mmmm, kidole kinatembea, na hawezi kukata pumzi mpaka kidole kifike. Mmmmaaa. Wengine wanashika siku hiyo hiyo. Wengine wanakaa miezi wanasema "mmm", wanapumzika, "aaa", kama watu wawili waliogombana. Hapo unangoja. Mama Odette alikuwa anasema mwalimu wa klasi ya kwanza analipwa kwa kungoja.

Alinifundisha pia kupima. Mutoto mwenye akili anaweza kukariri ukurasa mzima na kukudanganya, anatembeza kidole juu ya mustari huku macho yako dirishani. Kwa hiyo unachanganya silabi, unaandika neno lisilokuwa na maana, kuzuma, mazeku, na unamuita peke yake. Anayesoma kweli atalisoma, hata kama atakuangalia kwamba umepata wazimu. Aliyekariri atanyamaza. "Kusoma kwa pamoja hakuna," alisema Direktrisi. "Katika kundi, wawili wanasoma, wengine wanafungua kinywa."

Halafu mulima ulipasuka. Sitaandika mengi, kila mutu hapa ana hadithi yake ya moto. Ulipasuka muchana, tukatoa watoto tukiwashika mikono, na nyuma yetu udongo ulifunguka kama nguo inayochanika. Mama Odette alishuka barabara ile akiwa na mufuko wa herufi za mbao kichwani, zile tulizozichonga naye. Aliacha masufuria yake. Alienda kwao Butembo na hakurudi tena. Homa ilimumaliza kule. Herufi alikuwa amenipa tulipoachana kwenye njia panda. Alisema: "Mimi nitachonga zingine." Hakuchonga.

Goma ilikuwa jiwe jeusi. Nilitumwa kwenye shule moja nje kidogo ya Katoyi, pahali nyumba zilikuwa bado chache. Kusema shule ni heshima. Zilikuwa mbao na mahema. Tulijaribu kuandikia juu ya mawe ya volkano, lakini lile jiwe linakula chaki, na watoto walichubuka vidole. Tulitengeneza tablo wenyewe: unavunja pile, zile betri za radio zilizokufa, unasaga ule unga mweusi, unachanganya na utomvu wa majani, unapaka. Mikono yangu ilikuwa nyeusi mpaka kwenye kanisa.

Na chini ya kiwanja cha shule kulikuwa shimo. Lilikuwa zuri, hicho ndicho kitu kibaya chake. Pande zote mawe, kule ndani majani mabichi. Mbuzi za jirani zilishuka asubuhi moja na hazikupanda. Wazee wa mutaa walishusha nyasi zinazowaka kwa kamba, moto ukazimika kabla ya kugusa chini, kama umetiwa katika maji. Ndipo walisema ni mazuku, na seremala moja akatoa ubao wa muti mugumu, mupana, wenye kona moja iliyoungua katika moto wa volkano. Wakaniomba mimi niandike, sababu mwandiko wangu ni mukubwa. Niliandika kwa rangi nyekundu: MAZUKU. USISHUKE.

Niliangalia yale maneno, nikaona kwamba kila sauti iliyomo watoto wangu wanayo kabla ya mwisho wa mwaka. Toka hapo ikawa desturi ya klasi yangu. Mwaka ukiisha, katikati ya muchana, jua kali na upepo wa ziwa ukipiga, niliwapeleka kwenye shimo. Walisimama mbali. Kila moja alisogea hatua chache mbele, akasoma kibao peke yake, kwa sauti yake. Akimaliza, alichukua jiwe, akaliweka kwenye mustari tuliouanza kwenye ukingo. Hayo ndiyo yalikuwa mutihani wangu. Mustari ukazunguka shimo, mwaka juu ya mwaka, na wakubwa wa klasi ya sita walikuwa wakipita wanaonyeshana: jiwe langu lile. Kwa miaka yote hiyo hakuna mutoto wa shule yetu aliyeshuka mule. Hata moja.

Furaha alikuwa wa wale wa kungoja. Mama yake anauza makala ya kupikia kwenye njia ya Katoyi, na mutoto alikuja na vidole vyeusi kama vyangu, tukacheka pamoja juu ya hilo. Alikuwa anajua sauti zote na hakuweza kuziunganisha. Mmm. Aaa. Wenzake walimutania: "Furaha, gari lako halina petroli!" Siku ya kibao nilimuacha awe wa mwisho, nikifikiri nitamusaidia polepole wengine wakiwa wanacheza. Alisimama. Aliangalia muda murefu. Alivuta mmmaaa, akavuta zzzuuu, akakohoa ku. Halafu akageuka kwangu, macho makubwa:

"Madamu! Kinasema!"

"Kinasema nini?"

"Kinasema mazuku! Kibao kinasema!"

Aliweka jiwe lake, jiwe kubwa kupita nguvu zake. Jioni hiyo, mama yake aliniambia, alimusomea kila kitu njiani, mulango wa duka, gunia la unga, kofia ya mupolisi. Mama Furaha hajui kusoma. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kona ya kitenge. "Madamu Masika, sasa nina wa kunisomea," akasema.

Wakati huo tulikuwa tayari na Direkteri mupya, Anselme. Naandika jina lake bila kuogopa. Alikuwa mutu wa suti, mwenye sauti nzuri, na alitaka shule ikue, siwezi kumunyima hilo. Lakini kibao kilimuchoma macho toka siku ya kwanza.

"Madamu, unatangaza kifo mbele ya shule yangu. Muzazi gani ataleta mutoto hapa?"

"Yule anayetaka mutoto wake arudi nyumbani, Direkteri."

"Uko na mudomo, weye."

"Ndiyo kazi yangu, nafundisha sauti."

Walimu wengine walicheka, na yeye hakusahau kicheko kile.

Vita vikarudi. Kwanza tulisikia kwamba watu wanatoka Rumangabo na magodoro, halafu tukawaona, halafu mabomu yakaanza kusikika upande wa Kibati. Wakimbizi waliingia katika klasi zetu, famili tatu nne katika kila moja, wakalala juu ya mabenchi. Sina neno juu yao, nilikuwa nimelala hivyo mimi mwenyewe baada ya volkano. Shule ilifungwa. Niliondoka na wazazi wa mume wangu kwenda kwa dada yangu upande wa Minova, na tulikaa kule mpaka waliposema kwamba muji umetulia na masomo yataanza tena.

Wakati mimi siko, wageni walikuja kuona kiwanja. Walikuwa watu wenye kujenga. Wakikubali pahali, wanajenga klasi za matofali. Haya niliyajua baadaye. Kilichofanyika ni hiki. Direkteri Anselme alimuita Papa Zakaria, mukubwa wa komite ya wazazi, aje na jembe. Papa Zakaria alichimba, akatoa kibao. Mawe ya watoto wangu, yale ya kuzunguka shimo, waliyaokota, wakayapaka chokaa, wakayapanga pande mbili za njia ya kuingilia, ili wageni waone shule ina usafi. Na ubao wenyewe waliugeuza, wakaandika upande wa pili, wakaupigilia juu ya mulango wa kiwanja: KARIBUNI WAGENI WETU.

Nilifika siku ya kufungua, asubuhi, nikipitia upande wa nyuma sababu barabara ilijaa watu. Kwa hiyo sikuona mulango. Furaha na Neema walikuwa wametangulia, wapate nafasi kwenye benchi kabla ya wengine. Vyoo vya shule vilikuwa vimejaa wakimbizi, na mustari ulikuwa murefu. Mutoto wa kike anatafuta pahali pa kujificha. Alienda kwenye ukingo, akatafuta kibao chake. Hakikuwepo. Hakukuwa hata jiwe moja la mustari. Alikuwa amejifunza kwamba pahali pabaya panasema, na asubuhi ile palinyamaza.

Yule Papa wa wakimbizi ndiye alimutoa, amefungwa kamba kiunoni, akizuia pumzi, na wenzake wakivuta. Nilimupokea Furaha mikononi. Alikuwa na joto bado. Niliweka sikio kwenye kinywa chake, mimi ninayesikiliza vinywa vya watoto toka ujana wangu, na sikusikia sauti yoyote.

Baada ya mazishi waliita mukutano wa wazazi. Siku hiyo ndiyo nilipita kwenye mulango mukubwa. Niliinua macho, nikaona ubao wa karibuni, na kona yake iliyoungua. Nilisimama chini yake mpaka watu wakaanza kunisukuma. Niliomba kiti, nikapanda, nikachungulia nyuma. Hawakujichosha hata kukwangua rangi. MAZUKU. USISHUKE. Mwandiko wangu.

Direkteri alikuja mbio.

"Shuka hapo, Madamu. Batu banaangalia."

"Waache waangalie. Hiki ni nini?"

"Ni ubao. Tulihitaji ubao."

"Goma nzima imejaa mbao, Direkteri."

Akasogea karibu, akashusha sauti, na haya ndiyo maneno yake, ninayakumbuka yote: "Wageni wangeona neno lile, wangejenga? Unajua watoto wangapi watasoma katika zile klasi? Fikiria kidogo, mama."

Ndani, mbele ya wazazi, alizungumza vingine. Alisema volkano ni mambo ya Mungu. Alisema kibao kilipotea wakati wa vita, kama vitu vingi vilivyopotea. Halafu akageuka, akanionyesha kwa mukono wazi, kwa adabu kabisa: "Lakini tujiulize, ni nani alizoesha batoto kuamini ubao? Batoto ba zamani baliogopa shimo lenyewe. Hawa wa Madamu Masika banaogopa maandishi tu."

Nilisimama kusema. Walinizomea. Nilimuangalia Papa Zakaria, na Papa Zakaria aliangalia viatu vyake. Mama Furaha alikuwa mbele, kichwa kimefungwa kitambaa cha matanga. Aliniangalia muda murefu, halafu akageuza uso. Toka siku ile hajanisalimia. Nikipita kwenye makala yake anasogeza gunia, kama vile nimekuja na kitu kibaya kwenye nguo.

Papa Zakaria nilimukuta njiani baadaye. Nilimuzuia.

"Papa, sema ukweli mbele ya yule mama."

"Madamu, mimi nilichimba tu. Aliyeagiza ni yeye."

"Basi sema hivyo."

"Wajukuu wangu wanasoma pale. Niache, mama. Niache."

Na mimi waliniambia nimechoka. Hawakusema nimefukuzwa. Direkteri alinipigia makofi mbele ya walimu, wakanipa kitenge, wakasema nipumzike. Hiyo ndiyo pansheni yangu. Klasi za matofali zilijengwa, ni nzuri, zina madirisha. Nikipita nasikia klasi ya kwanza: ma, me, mi, mo, mu, wote pamoja, kwaya. Wawili wanasoma. Shimo, mutaa wenyewe ulilizungushia miba. Kibao hakuna, sababu kukirudisha ni kukubali kwamba hakikupotea.

Walimu vijana hunitembelea mara moja moja, wanataka niwaonyeshe kazi. Nina herufi za Mama Odette bado. Nawaonyesha kidole kinavyotembea, namna ya kungoja, namna ya kuchanganya silabi ili kumugundua aliyekariri. Moja aliniuliza kama ninajuta. Nilimwambia hapana. Mutoto aliambiwa kwamba maandishi yanasema kweli, na yalikuwa yanasema kweli, mpaka mutu mukubwa mwenye diploma alipoyageuza yaangalie nyuma. Lawama hiyo siichukui. Wamenipa miaka yote hii niibebe na nimekataa, na nitakataa nikiwa kitandani pa kufa.

Kwa hiyo ninakuuliza weye, Direkteri Anselme. Umepanda cheo sasa, unakaa kwenye biro yenye zulia, lakini kibao, toka walipokishusha mulangoni, kiko kule shuleni, nyuma ya kabati, walimu wamekiona. Kachukue. Kibebe mwenyewe, kwa mukono wako, na Papa Zakaria afuate na jembe lake. Nenda kwenye njia ya Katoyi, muchana, watu wakiwa wengi. Mama Furaha yuko pale, kila mutu anamujua. Simama mbele ya makala yake, geuza ule ubao, na umusomee upande wa nyuma, polepole, kila sauti. Yeye hajui kusoma, na aliyekuwa akimusomea hayuko. Ukimaliza, mwambie nani aliagiza king'olewe.